Ngamiani Kuna Jiko Jipya la Samaki, Kimbilieni

Wapenzi wa samaki, wekeni chini mlichoshika. Ngamiani, hapa Tanga mjini, kumefunguliwa mgahawa wa samaki, mpya kiasi kwamba ukuta bado unanuka rangi na mlangoni hapajaandikwa jina, na tayari saa saba mchana hupati pa kukaa. Nimetoka pale vidole vikinukia ukwaju na makaa, na sikutaka siku ipite bila kuwaambia. Changu wa kupaka! Pweza wa nazi! Wali uliopaliwa moto juu na chini, na ukoko wake! Nimekula samaki pwani hii tangu utotoni, najua kusifu na najua kunyamaza, na safari hii kunyamaza kungekuwa dhambi.

Usitafute bango. Ingia katika zile barabara za Ngamiani zinazoitwa kwa namba, kisha muulize kijana yeyote wa bodaboda akupeleke jiko jipya la samaki. Wote wamekwisha kupajua, maana wao ndio walioanza kujaa pale. Ni nyumba ya kawaida ya Kiswahili, baraza mbele na ua nyuma. Unabisha hodi, unapita katikati ya nyumba, unaamkia, unatokea uani, na hapo ndipo penyewe. Mwarobaini mkubwa umefunika nusu ya ua. Chini yake zimepangwa meza ndefu zenye vitambaa vya plastiki vya maua, na mabenchi ambayo unaketi bega kwa bega na usiyemjua. Ukutani majiko yako mstari mmoja: mapipa yaliyopasuliwa katikati na kuwekewa wavu wa kubanikia, kisha majiko ya mkaa ya sufuria. Hakuna pazia wala dirisha kati yako na mpishi. Samaki wako unamwona akiwa mzima, unamwona akichanjwa, unamwona akigeuzwa, na anapofika mezani mmekwisha kujuana.

Kabla sijafika kwenye sahani, lazima niseme kwa nini nina furaha hii yote. Tanga ni mji wa bahari. Ukisimama Raskazone jioni unaona mashua zikirudi. Ukienda soko la Deep Sea alfajiri unakuta samaki wa kila rangi wamelazwa sakafuni. Lakini mtu wa mjini akitaka kula mchana, miaka hii amekuwa akikutana na nini? Chipsi kuku. Chipsi mayai. Na samaki akipatikana, ni yule aliyekaangwa asubuhi akawekwa kwenye kabati la kioo, akangoja mteja mpaka nyama ikakauka kwenye mfupa, kisha akapashwa moto kwenye mafuta yaleyale. Kwenye meza za mahoteli huwa yuko samaki mzuri, ila ni minofu iliyotoka kwenye friza, imewekewa mboga tatu zilizochongwa, na bei yake mvuvi aliyemvua hawezi kuilipa. Samaki mbichi aliyepikwa kwa ufundi wa nyumbani alikuwa amebaki majumbani. Ungemla kwa mwaliko, arusini au kwa shangazi. Sasa analiwa mtaani na kila mtu mwenye njaa.

Na siri yao kubwa, nimeiona kwa macho yangu, ni kwamba hawana friza. Hawana kabisa. Nilipouliza, mama mwenye mgahawa alinionyesha ndoo mbili zenye barafu iliyopondwa na kusema, "Hii ni ya kumvusha kutoka sokoni mpaka hapa, mwanangu. Ya kumlaza sina." Mwanawe anatoka na baiskeli baada ya sala ya alfajiri, tenga limefungwa nyuma, anawahi mnada wa Deep Sea wakati wavuvi wa usiku wanashusha. Ananunua cha siku hiyo tu. Kikiisha, kimeisha, wanaosha sufuria na kufunga. Tanga ni mji wa baiskeli, sote tunajua, lakini sijapata kufurahi kuona baiskeli ikiingia uani kama nilivyofurahi kuiona ile, tenga linadondosha maji ya barafu na mkia wa kolekole umechungulia pembeni.

Kwa sababu hiyo hakuna orodha ya vyakula iliyochapishwa. Kuna ubao mweusi mdogo umetundikwa kwenye mwarobaini, unaandikwa kwa chaki kila asubuhi na kufutwa jina mojamoja kadiri sufuria zinavyokwisha. Nilipokaa kula ulisomeka hivi: changu, pono, kolekole, pweza, ngisi, dagaa. Kaa alikuwa amekwisha kufutwa. Ukitaka kuula vizuri mgahawa huu, anza kuutazama mwezi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni siku za bamvua. Maji yanakupwa mbali, miamba inabaki wazi, na wachokoa pweza, wengi wao wanawake, wanatembea juu yake na vijiti vyao wakitazama tundu kwa tundu. Siku hizo njoo kwa ajili ya pweza. Dagaa nao wana habari yao: wanavuliwa kwa taa, na taa hufanya kazi gizani, kwa hiyo mwezi ukijaa dagaa wanaadimika, na giza likirudi ndoo zinafurika. Maji mafu yakiingia, kati ya bamvua na bamvua, pweza anapungua na ubao unaegemea samaki wa nyavu na mishipi. Halafu kuna upepo. Kusi likivuma kwa nguvu, miezi ya katikati ya mwaka, vyombo vidogo vinabaki ndani ya miamba, na utakula changu, pono na tasi. Kaskazi likishika na bahari ikatulia, mashua zinatoka nje, na hapo ndipo nguru na jodari watakapoonekana kwenye ule ubao. Nimekwisha kuipanga miezi yangu.

Unanawa mikono kwenye ndoo yenye bomba, sabuni ipo, taulo safi ipo. Hujakaa sawasawa, unaletewa supu ambayo hukuiagiza. Ni bakuli dogo, na supu yenyewe ni ya vichwa na mifupa ya samaki wa siku hiyo, imechemshwa na tangawizi, pilipili manga na kitunguu saumu, ndimu iliyokatwa iko pembeni. Nyepesi, unaona mpaka chini, lakini ukiinywa inakwenda moja kwa moja kifuani. Nilikuta shavu la chewa ndani yake, kipande cha nyama cha ukubwa wa kidole gumba, laini kuliko chochote. Bure! Hawaiandiki hata kwenye ubao. Mzee aliyekaa mbele yangu alimaliza yake, akasukuma bakuli, akaongezwa bila kuulizwa.

Sasa changu. Naomba mnivumilie nikae hapa, maana hapa ndipo mgahawa huu unapowaacha wengine mbali.

Changu anaparwa magamba, anatolewa matumbo na matamvua, anachanjwa ubavuni mpaka kisu kiguse mfupa. Anapakwa chumvi, ndimu, na vitunguu saumu vilivyotwangwa pamoja na tangawizi na pilipili mbichi, vikiingizwa kwa kidole katika kila mkato. Hakai humo muda mrefu, na wapishi wengi hukosea hapo: ndimu ikimkalia samaki sana, inamwivisha kabla ya moto, nyama inakazana na kukauka. Anawekwa juu ya makaa yaliyokwisha kushika majivu. Hakuna ndimi za moto, kuna joto tu, na mpishi anaupitisha mkono juu ya wavu kila baada ya muda kupima. Samaki anaachwa upande mmoja mpaka ngozi ijitenge yenyewe na waya. Hageuzwi mara kumi. Anageuzwa anapokuwa tayari kugeuzwa.

Wakati huo rojo liko jikoni upande wa pili. Na hapa nilisimama kwenye benchi ili nione vizuri. Tui ni la nazi! Najua inaonekana ajabu kulishangilia jambo hili, lakini hesabuni wenyewe ni migahawa mingapi siku hizi inafungua pakiti, au inachanganya maji na kuongeza uzito kwa unga wa ngano. Pale uani mabinti wawili wamekaa juu ya mbuzi wanakuna, mchana kutwa, chano kimejaa weupe. Nazi iliyokunwa inatiwa maji ya vuguvugu, inakamuliwa kwa kifumbu. La kwanza zito linatengwa, la pili jepesi linaingia sufuriani kwanza pamoja na nyanya zilizosagwa, bizari ya manjano, saumu na maji ya ukwaju. Hilo linachemka mpaka harufu ya ubichi wa nyanya iishe. Ndipo tui zito linapomiminwa, na kuanzia hapo mwiko hausimami. Tui likiachwa lichemke bila kukorogwa hukatika, mafuta yakaelea juu na maji yakabaki chini, na hakuna mpishi anayeweza kulirudisha. Mama mwenyewe ndiye anayeshika mwiko wakati huo, hamwachii mtu. Aliamkiwa na wateja watatu akawaitikia bila kuinua macho kwenye sufuria.

Rojo likiwa zito linapakwa juu ya samaki akiwa bado kwenye makaa. Anapakwa, linaachwa lishike, linapakwa tena, anageuzwa, linapakwa. Matone yanaangukia makaa na moshi wake unampanda samaki, ule moshi wa nazi inayoungua ambao ukiusikia mtaa wa tatu miguu inageuka yenyewe. Kisha anawekwa kwenye sahani, na rojo lililobaki linamiminwa juu yake lote.

Nilimgusa kwa kidole, nyama ikaachia mfupa. Nje kuna ukali wa moshi, kisha uchachu wa ukwaju, kisha utamu wa tui, halafu, na hili ndilo lililonifanya nifumbe macho, kuna ladha ya changu mwenyewe. Bado yupo! Viungo havijamzika. Samaki aliyekuwa majini usiku ana utamu wake, mdogo, wa chumvi safi, ambao siku mbili za barafu zinautoa wote, na hapo ndipo watu wanapoanza kumwaga bizari kufunika. Hapa hakuna cha kufunika. Nilimmaliza. Nikavunja kichwa, nikala mashavu, nikanyonya mifupa ya shingo, na jirani yangu wa benchi, ambaye hatujuani, akaniambia nisisahau jicho. Sikulisahau.

Wali unastahili aya yake. Ni wali wa nazi, punje imeachana na punje lakini kila moja imelainika, na unapikwa kwa sufuria nene juu ya mkaa. Maji yakikauka unafunikwa, makaa yanapaliwa juu ya mfuniko, moto wa chini unapunguzwa, na unaachwa ujimalize. Matokeo yake ni ukoko wa rangi ya dhahabu chini ya sufuria, mkavu, wenye mafuta ya nazi. Ukoko huo hauuzwi. Sufuria ikifika mwisho, binti anaubandua na kuupitisha meza kwa meza, kila mtu kipande, kama sadaka ya nyama siku ya akika. Chovya kwenye rojo la changu. Sina zaidi ya kusema.

Pweza nilimla kwa namna mbili. Wa kubanika, aliyekatwa vipande vinene na kuletwa na pilipili na chumvi ya ndimu, ni mzuri sana, na kumtazama ni raha: mikia ikipata moto inajikunja na kukokota makaa, pweza anajipalia mwenyewe kweli. Lakini wa nazi ndiye wa kumfuata kutoka Chumbageni kwa miguu. Anapondwa kwanza juu ya jiwe mpaka alegee, kisha anachemshwa kwa maji yake mwenyewe, taratibu, mpaka uma uingie bila kusukumwa, ndipo anapotiwa tui, pilipili mbichi nzima isiyopasuliwa na ndimu mwishoni. Rangi inatoka ya zambarau iliyoiva, mchuzi mzito unashika kwenye wali. Unamtafuna bila kumpigania. Na jambo moja lililonigusa: kijana anayenunua sokoni hachukui pweza wadogo hata wakiuzwa rahisi. Kanuni za uvuvi za Tanzania zinakataza pweza wa chini ya nusu kilo, na sababu yake iko wazi, kwani kiumbe huyu anaishi mwaka mmoja hivi na anakua kwa kasi ya ajabu. Ukimwachia miezi michache amekuwa mkubwa na amepata nafasi ya kuzaa. Mgahawa unaokataa mdogo leo unajiwekea wa kupika mwakani.

Dagaa wabichi wa kukaanga waagizeni kwa ajili ya meza nzima, waleni na ugali au waleni hivihivi kwa kuokota. Wanapakwa unga kidogo na chumvi, mafuta mapya, moto mkali, dakika chache. Wanavunjika mdomoni. Kamua ndimu, ongeza achari ya embe iliyoko kwenye chupa kubwa mezani, ambayo mama anaitengeneza mwenyewe na ambayo nilijaribu kuinunua bila mafanikio. Kachumbari ni ya siku hiyo, vitunguu vimeoshwa kwa chumvi kuondoa ukali, na nyanya zimekatwa nyembamba. Kisamvu cha nazi kipo, kimetwangwa kwenye kinu, na asiyekula samaki anaweza kushiba kwa kisamvu na wali peke yake akarudi nyumbani ameridhika.

Ngisi bado. Nasema hivi kwa mapenzi, kwa sababu kila kingine kiko juu mno: ngisi wao wa kukaanga alikaa kwenye mafuta muda uliozidi kidogo na akawa wa mpira. Ngisi anataka moto mkali na haraka, au moto mdogo na saa nzima. Katikati ya hapo anakaza. Nilimwambia binti wa jikoni, akasikiliza kwa adabu, akasema wanaume wa bodaboda wanamtaka hivyohivyo. Pengine. Mimi ningempika kwa tui kama pweza. Na kolekole nilimwona tu kwenye sahani ya mwingine, kipande kinene cha mchuzi wa ukwaju na bamia; harufu yake ilinitosha kujua nitakachoagiza nikirudi.

Kuhusu ubora wa samaki wenyewe, niliona kitu ambacho ningependa kila mgahawa wa pwani ukifanye. Tenga lilipoingia, mama alimchukua kila samaki mkubwa mkononi, akatazama macho kama bado yana maji na mng'ao, akafunua matamvua kuona wekundu, akabonyeza ubavu kuona kama nyama inarudi. Hayo mama wengi wanayafanya. Lakini yeye akafungua tumbo na kuchungulia uti wa mgongo. Mvuvi mmoja aliyekuwa anakunywa supu alinieleza anachotafuta: damu iliyovuja ndani na mfupa uliopasuka, alama za samaki aliyeuawa kwa baruti. Baruti imekatazwa nchini tangu 1970, na hata hivyo bahari ya Tanga iliumia kwayo kwa miaka mingi, matumbawe yakavunjwa vipande na samaki wakubwa kwa wadogo wakafa pamoja. Doria za miaka ya karibuni zimepunguza sana milipuko hiyo. Ila mama huyu hajaacha kutazama. Samaki wa baruti nyama yake inalegea na kuoza upesi, alisema yule mvuvi, na hapa jikoni haingii. Nilikula kwa amani ambayo sijaipata mezani kwa muda mrefu.

Watu wa pale ni nusu ya utamu. Makarani wa ofisini wamelegeza tai, wachukuzi wa bandarini, mafundi baiskeli wenye grisi kwenye kucha, mama na wanawe watatu waliogawana pono mmoja, wazee wa kanzu waliokuja na vijiko vyao mfukoni. Redioni taarabu ya zamani inapigwa kwa sauti ya chini, ya enzi ambazo Tanga ilikuwa na vikundi vya Black Star na Lucky Star na pwani nzima ilikuwa inasikiliza mji huu. Mazungumzo yanavuka meza. Nilipokuwapo, wavuvi wawili walianza kubishana kuhusu silikanti, yule samaki wa buluu mwenye mapezi mithili ya miguu ambaye wanasayansi walidhani ametoweka duniani tangu zama za dinosau, mpaka alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Kuanzia 2004 wavuvi wa Tanga wamemnasa mara nyingi kwenye majarife wanayotega kwenye kina kirefu, na mwaka 2009 eneo la bahari la Tanga likatangazwa kuwa hifadhi kwa ajili yake. Mmoja anasema alipata kumwona akiwa hai, mwingine anamkatalia, meza nzima ikaingia. Halafu mtoto akauliza kama analiwa. Haliwi, alijibiwa na watu wanne kwa pamoja, nyama yake ni mafuta matupu, na hata ingekuwa tamu huyo ni wa kulindwa. Mtoto akarudi kwa pono wake.

Bei. Changu wa kupaka wa kumtosha mtu mmoja pamoja na wali wake ni shilingi elfu kumi. Pweza wa nazi na wali, elfu nane. Dagaa na ugali, elfu tatu, na kwa hiyo elfu tatu unapata supu ileile anayopata aliyelipia changu. Juisi ya ukwaju ni baridi, haikujazwa sukari. Msimu wa machungwa ya Muheza ukifika wanasema watakamua machungwa, nami nitakuwa mstari wa mbele.

Mabenchi ni machache, na moshi ukibadili upande utaukaribisha machoni, kwa hiyo kaeni karibu na mlango wa nyumba. Msiende na haraka. Mwenye changu mbele yako akiwa hajamaliza, subiri na supu. Hakuna atakayekuharakisha na usimharakishe mtu. Mkiwa kundi kubwa, tumeni mtu asubuhi amwambie mama idadi yenu kabla baiskeli haijatoka sokoni, la sivyo mtagawana kisamvu. Nendeni na fedha taslimu.

Na naomba jambo moja kwa wenzangu wa Tanga. Tuwe wateja wa mgahawa huu siku za kusi pia, wakati ubao una majina mawili tu na bei ya samaki imepanda sokoni. Mahali pasipo na friza panaishi kwa watu wanaorudi. Ukikuta leo kuna tasi peke yake, kula tasi. Atakuwa ametoka majini alfajiri ile na atapikwa na mtu anayejua.

Wanaanza kupakua saa sita mchana, Ijumaa baada ya sala. Saa nane na nusu sufuria zinaoshwa.